Kahawa ya Mazishi ya Bibi Loviisa

*Risala ya wakazi wa Hallakorpi kwa Mkaguzi wa Ugavi wa Wilaya, siku ya kufunguliwa ghala la kukaushia nafaka, Agosti 1943. Imesomwa na Bi. Saimi.*

Mgeni rasmi, Bwana Oskari Lehtisalo, Mkaguzi wa Ugavi wa Wilaya;
Mchungaji wa usharika wetu;
Mzee Nestori, mwenyekiti wa kijiji;
Bibi Loviisa wa Ylitalo, uliyekaa mstari wa mbele baada ya kukataa kukaa mahali pengine popote;
Wakazi wenzetu, mabibi na mabwana:

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu sana Hallakorpi. Tunajua barabara ya kutoka stesheni si ya kuchezea, hasa kwa gari linalokwenda kwa moshi wa kuni badala ya petroli. Tumesikia lilizima njiani na ikabidi ushuke mwenyewe ukorogekoroge makaa kwa fimbo ya chuma. Masizi uliyo nayo shavuni, upande wa kushoto, tumeyaona tangu ulipofika. Hakuna aliyekuambia kwa sababu hatukutaka kukusumbua. Sasa umejua.

Kabla hatujaendelea, tunaomba tueleze kwa nini risala yetu inasomwa na Bi. Saimi, ambaye si mzaliwa wa hapa. Bi. Saimi alikuja kwetu na wakimbizi wa Karelia vita vya kwanza na Warusi, vya mwaka 1939, vilipowahamisha. Wenzake wengi wamesharudi kwao. Yeye amebaki, maana kilichosalia cha nyumba yake huko ni dohani peke yake, na bado anaishi kwa Bibi Loviisa. Tulijaribu kwanza wasomaji wetu wenyewe. Kila mmoja alisoma vizuri hadi akafika sehemu ya Maombi. Hapo akakohoa, akakunja karatasi na kusema kwamba yaliyobaki si muhimu, mgeni atajisomea garini. Watu wa Karelia, kama unavyojua, wakitaka kitu husema wanakitaka. Kwetu sisi hilo ni jambo la kujifunza, na somo lenyewe tumelianza juzi tu.

Wewe mwenyewe ndiye mwalimu wetu wa leo asubuhi. Ulipoingia, Mama Impi, mkwe wa Bibi Loviisa, alikuuliza kama ungependa kahawa, nawe ukajibu, "Ndiyo, asante." Mgeni rasmi, Impi hakuwa hata ameshika birika. Alijua ana nafasi ya kukuuliza tena, na tena, na katika muda huo maji yangechemka na vikombe vingefutwa. Hatukuchukia hata kidogo. Tulishtuka kidogo, kisha tukaona umekata njia ambayo sisi huizunguka. Bibi Loviisa alimwambia jirani yake, kwa sauti ambayo yeye huiita ya chini, "Huyu walau anajua anachotaka." Tunajua uliisikia, maana hata farasi waliofungwa nje waliisikia.

Tulikuona pia ulivyofumba macho ulipopiga funda la kwanza. Hilo tutalifikia.

HISTORIA FUPI YA KIJIJI, NA YA KOSA LETU

Wazee wanasimulia kwamba Hallakorpi ilianzishwa na mtu aliyepotea njia msituni, akaona haya kubisha hodi kwa watu na kuuliza, akaamua kujenga palepale. Sisi ni wajukuu zake na damu haijabadilika. Mtu wa hapa akifika kwa jirani hukaa kwenye benchi la karibu na mlango. Akikaribishwa mezani husema hapana, ametoka kula. Akikaribishwa mara ya pili husema asisumbue watu. Mara ya tatu husimama polepole, kama anayepelekwa mahakamani, na kusema basi, tone tu. Kisha hunywa vikombe vitatu. Anayesema ndiyo mara ya kwanza tunamwona mlafi. Na mwenye nyumba asiyeuliza mara ya tatu ni bahili, na habari zake huzunguka kijiji mpaka Krismasi.

Sasa, mgeni rasmi, Aprili iliyopita ulikuja hapa kwa sileji, gari lisilo na magurudumu linalovutwa na farasi, theluji ikiwa imeanza kuyeyuka barabarani. Ulisimama mahali hapahapa ulipokaa leo, ukatwambia kwamba wilaya imepata kahawa safi kidogo, ya kweli, isiyochanganywa na kitu. Hiyo, ukasema, itatolewa kama nyongeza kwa vijiji vyenye misiba. Kisha ukauliza kwa sauti nzuri, "Je, Hallakorpi mna uhitaji?"

Mzee Nestori akasimama kwa niaba yetu, akajibu, "Hapana, asante, tusikupe shida."

Ndani ya mioyo yetu tulifurahi sana. Tuliona mambo yameanza vizuri, swali la kwanza limepita salama. Tukakaa tukingoja la pili.

Wewe ukasema, "Vizuri sana," ukafunga mkoba.

Hatukuwa na wasiwasi. Tulidhani ni mtindo wako, kwamba la pili utaliulizia ngazini. Mzee Nestori akakusindikiza ngazini. Ukamwuliza kama barabara ya kwenda kijiji jirani cha Rantakulma inapitika. Akakusindikiza mpaka kwenye sileji na kumshika farasi wako lijamu, akamshika muda mrefu kuliko farasi yeyote anavyohitaji kushikwa, ili akupe nafasi. Wewe ukamshukuru kwa kumtuliza farasi. Mgeni rasmi, farasi yule alikuwa amelala.

Uliondoka. Hata hapo, tunakiri, kuna waliosema kwamba maofisa hufanya mambo yao kwa maandishi, na swali la pili litakuja kwa posta. Tuliingoja posta hadi Pentekoste.

Hatukulaumu. Tumeambiwa umekulia Helsinki, ambako watu huulizana mara moja kwa sababu tramu haingoji. Kosa ni letu, na tumelipa. Lakini tunaomba uhalisia utambuliwe: uliandika kwamba Hallakorpi hawana uhitaji, na kutoka hapa ukaenda Rantakulma, ambako walisema ndiyo kabla hujamaliza sentensi. Walipewa kahawa ya msiba wa mzee mmoja wa kule. Hatutamtaja jina, kwa kuheshimu familia. Wiki iliyofuata marehemu huyo alipita hapa akipeleka maziwa kiwandani, na tulipompa pole akatuambia kahawa ilikuwa nzuri sana.

MAFANIKIO

Pamoja na hayo, kijiji chetu kimepiga hatua.

Tumetimiza mgawo wetu wa shayiri, viazi, nyasi na maziwa. Soksi za askari tumefuma hadi kondoo wanatukimbia. Ghala unalolifungua leo tumelijenga wenyewe, wanawake, wazee na farasi wawili wasiofaa jeshini, na limesimama wima pande zote isipokuwa ule aliousimamia mchungaji.

Katika kahawa ya mbadala tunaweza kusema bila majivuno kwamba hatuna mpinzani. Tumeikaanga ya shayiri, ya bitruti, ya njegere, ya mbegu za mwaloni na ya mizizi ya yale magugu yenye maua ya manjano yanayoota hata pasipopandwa. Tumechanganya zote pamoja. Watu wazima waliojaribu mchanganyiko huo wako hai, na mmoja ameanza kusikia tena kwa sikio lililokuwa limeziba. Mzee Nestori, ambaye ni seremala, aligundua kwamba kahawa ya bitruti iliyolala usiku mmoja hupaka mbao rangi nzuri ya kahawia isiyotoka kwa maji wala kwa sabuni. Benchi ulilokalia limepakwa hiyo. Tunatumaini limekauka.

Mafanikio mengine ni ya upendo na ujirani. Jana mchana Bibi Loviisa alijifungia katika sauna yake, kibanda cha kuogea kwa mvuke, akaziba dirisha kwa gunia na kukaanga humo kitu fulani, ili harufu isitoke. Ilitoka. Kabla kitu hicho hakijapoa, mtu mmoja alibisha hodi kuazima shoka. Nyuma yake akaja mwingine kuazima shoka. Kisha mchungaji, ambaye kwa kumbukumbu zetu hajawahi kupasua kuni, naye akahitaji shoka. Wote walikaa kwenye benchi la karibu na mlango, wakavuta pumzi kwa pua, na hakuna aliyeondoka na shoka. Tunakuhakikishia hakuna sheria iliyovunjwa. Hakuna kitu chochote cha magendo katika kijiji hiki, tena tumeulizana mara moja tu, tukajibu hapana, na hatukuendelea kuuliza.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu kubwa ni kwamba Bibi Loviisa hataki kufa.

Tunaomba tueleweke. Tunampenda, na amekaa mbele yetu na fimbo. Lakini ana miaka tisini na moja, jeneza lake liko tayari darini tangu kabla ya vita, na Impi anahifadhia mbegu za shayiri humo. Februari alipata kichomi kikali. Mchungaji aliitwa, akaja kwa kuteleza juu ya theluji na kitabu chake kifuani, akasoma, akaimba. Alipomaliza, mgonjwa akafumbua jicho moja.

"Mchungaji, mjini kuna kahawa?"

Mchungaji ni mtu mkweli. Akasema kuna ya bitruti.

"Basi nipeni soksi zangu," akasema Bibi Loviisa, akaamka.

Tangu siku hiyo ameshatangaza mbele ya watu wote kwamba hafi mpaka kahawa ya kweli irudi nchini. Impi ametuomba tuseme hapa kwamba Idara ya Ugavi, kwa kutotoa kahawa, imemwongezea mama mkwe wake maisha, na kwamba anaishukuru Idara kwa kadiri ya uwezo wake.

Wewe unaweza kuona ni ukaidi wa kikongwe. Si hivyo, na hapa tunaomba utusikilize kwa makini, maana ndipo risala yetu ilipo. Kwetu msiba una vikombe vitatu. Kikombe cha kwanza watu huzungumzia hali ya hewa, barabara, na bei ya ng'ombe. Hakuna anayemtaja marehemu, ni mapema mno, watu wanaoneana haya. Kikombe cha pili ndipo sifa zinapotoka. Mtu aliyeishi na jirani yake maisha yote bila kumwambia neno zuri, kwenye kikombe cha pili atalisema, kwa sababu anaambiwa ambaye hayupo. Cha tatu kinaleta ukweli, na wenye busara huondoka kabla.

Lakini, mgeni rasmi, kahawa ya bitruti hakuna anayeinywa kikombe cha pili. Mwaka juzi binamu yake Bibi Loviisa alizikwa kwa mbadala. Watu walikunywa kikombe kimoja kwa adabu, wakasema baridi imekaza, wakageuza vikombe juu ya visahani, wakaenda zao. Mwanamke aliyewakanda viungo wazazi wa nusu ya kijiji hiki na kuwapokea watoto wao alizikwa kwa habari za baridi. Bibi Loviisa alirudi nyumbani akafunga mlango. Alimwambia Saimi kwamba kufa anaweza, kila mtu ameweza, ila hatakubali kuzikwa kwa habari za baridi.

Yeye alikuwa amejiandaa. Meli za kahawa zilipokaribia kukatika, aliweka bati la kahawa mbichi, akalifunga kwa kufuli na kuvaa ufunguo shingoni. Tulijua wote. Ilikuwa kahawa ya mazishi yake. Alikuwa hata na wabebaji wa jeneza lake. Aliwachagua wakiwa watoto, walipokuwa wakimwibia turnipu shambani: aliwatazama dirishani, na aliyekimbia na mzigo mkubwa bila kuangusha alimwandika kichwani. Wakawa sita. Kila mwaka baada ya ibada aliwasimamisha wawili wawili bega kwa bega, apate kujua kama bado wanalingana, kwa sababu hakutaka kwenda kaburini akiwa ameinamia upande. Walimcheka na kumwita Jenerali. Lakini walisimama.

Kati ya hao sita, wa kwanza kurudishwa kutoka mstari wa mbele ndani ya sanduku alikuwa Reino. Mama yake alikuwa ameshachemsha bitruti. Bibi Loviisa akaja na ufunguo wake shingoni, akamimina bitruti ile nje kwenye theluji na kusema, "Kijana hazikwi kwa hii." Akafungua bati. Watu wakanywa kikombe cha pili.

Kisha akaja Aarre. Akafungua tena, akasema kilichobaki si chake tena, ni cha vijana.

Machi mwaka huu akaja Onni. Onni ni mwana wa Impi, mjukuu wa Bibi Loviisa mwenyewe. Siku ile Bibi alikaanga, akasaga, akamimina kila kikombe kwa mkono wake mwenyewe. Tulikunywa cha pili. Tulisema mambo ya Onni ambayo hatukujua kama tunayajua: kwamba alimpa farasi wetu koti lake kwenye mvua, kwamba alikuwa akijifanya ameshindwa kupiga makasia ili kaka yake mdogo ashinde. Sisi watu wa haya tulilia mbele za watu, na hatukujali.

Hiyo ndiyo hali tuliyokuwa nayo, mgeni rasmi, ulipotuuliza Aprili kama tuna uhitaji, nasi tukasema tusikupe shida.

Katika bati ilikuwa imebaki konzi moja. Jana iliisha. Kitu kilichokaangwa saunani ndicho hicho, na ulikinywa asubuhi hii, wewe peke yako. Sisi wengine tulikuwa na bitruti. Tulimsihi Bibi Loviisa asiitoe, tena tulimsihi mara tatu, na mara ya tatu tulisema kweli. Akajibu, "Mgeni ni mgeni. Hata huyu."

Tafadhali usiweke kikombe chini kwa aibu. Kunywa kilichobaki, kitapoa.

MAOMBI

Mwenyekiti amemwomba Bi. Saimi asome sehemu hii bila kukohoa.

Tunahitaji kahawa. Tunasema mara ya kwanza, kwa sauti, na wote tunatazama sakafu.

Tunaomba Hallakorpi ipewe nyongeza ya kahawa safi kwa ajili ya msiba mmoja: msiba wa Bibi Loviisa wa Ylitalo. Tunajua kanuni inataka awepo marehemu. Sisi ni watu waaminifu, hatutafanya kama majirani zetu tukamwandika amekufa huku anapeleka maziwa. Tunasema wazi kwamba marehemu ni mzima, ana meno saba, na atakuwepo kwenye msiba wake akiwa amekaa kitini. Kama kanuni ina nafasi ya mtu kama huyo, tunaomba aingizwe. Kama haina, tunaomba mgeni rasmi aitazame kanuni hiyo kwa jicho lile alilolifumba asubuhi.

Tulipoandika ombi hili mara ya kwanza, wiki iliyopita, tuliandika kwamba Bibi anataka kusikia mwenyewe sifa zake za kikombe cha pili. Tuliona ni wazo la kuchekesha, litakufurahisha. Tukaenda kumsomea. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema tumeandika upuuzi. Akamwambia Saimi achukue kalamu. Yafuatayo ni maneno yake, na tumeonywa tusiyapake rangi.

"Mwambie hivi. Mimi sitaki kusifiwa. Nawajua watu hawa, watasema nilikuwa mkali lakini mkate wangu uliumuka. Hiyo naweza kuisubiri. Ila nimekaa kwenye vikombe vya pili vya wale vijana watatu. Yaliyosemwa pale, we mwanangu, hata kwenye harusi sijayasikia. Onni alisifiwa mpaka mama yake akatoka nje kwenda kushika nguzo. Na Onni hakusikia hata neno moja. Tulikuwa naye miaka ishirini na mbili mezani hapa tukizungumza habari za ng'ombe.

"Wamebaki watatu. Yrjö, Sulo na Pentti. Watapewa likizo ya mavuno mwezi ujao. Nataka niwakalishe hapa, tunywe cha kwanza, tuongee hali ya hewa kama watu. Kisha nataka cha pili, na nataka kijiji kizima kiwasifu hao watoto usoni mwao. Wataona haya, wataangalia viatu. Waangalie. Lakini wasikie.

"Bila kahawa watu hawa hawatafungua midomo. Umewaona mwenyewe. Uliwauliza wanataka nini wakakuambia hapana."

Mwisho wa maneno yake.

Tulimwuliza, na kahawa hiyo ikishanywewa, yeye mwenyewe atazikwa kwa kahawa gani? Maana nyongeza ya msiba hutolewa mara moja kwa mtu mmoja, na hiyo itakuwa imekwenda. Akasema tutamzika kwa bitruti. Impi akalia, jambo ambalo hatukulitarajia kwa Impi wala yeye mwenyewe hakulitarajia.

Kwa hiyo, mgeni rasmi, tunatoa ahadi hii mbele yako na mbele ya mchungaji, aiandike. Siku Bibi Loviisa atakapokufa kweli, Hallakorpi haitakuja kudai. Tutakunywa bitruti, kikombe cha kwanza, cha pili na cha tatu, hata kama kutakuwa na watakaohitaji kushikwa. Na tumekubaliana kwamba siku hiyo hakuna mtu atakayetaja baridi.

Kiasi cha kawaida cha msiba mmoja kinatutosha. Hatuombi nyingi. Tunaomba ije upesi. Walikuwa sita, mgeni rasmi, nasi hatujui likizo itawakuta wangapi.

HITIMISHO

Tunakushukuru kwa kuja, kwa kutufungulia ghala, na kwa kusikiliza watu wasiozoea kusema. Mungu akupe barabara kavu hadi stesheni na kuni zinazowaka, awalinde wote waliopo mpakani, wa kwenu na wa kwetu, na awarudishe nyumbani kwa miguu yao.

Ukimaliza kutujibu, tafadhali usifunge mkoba haraka.

Ni sisi,
wakazi wa Hallakorpi:
Mzee Nestori, mwenyekiti;
Mama Impi wa Ylitalo, mweka hazina;
Bi. Saimi, msomaji;
na Bibi Loviisa wa Ylitalo, marehemu mtarajiwa.